Ganda la Bahari Lililozama Huishia Wapi?

Kila mwaka sakafu mpya ya bahari yenye eneo la takriban kilomita za mraba 3 huzaliwa kwenye safu za milima iliyo chini ya maji, na kiasi kama hicho huzama kwenye mitaro ya kina kirefu, kuanzia Japani hadi Chile na kuanzia Indonesia hadi Tonga. Ganda hilo ni la basalti na unene wake ni kilomita 7 hivi. Kwamba linazama, hakuna anayebisha tena. Kinachobishaniwa ni mwisho wa safari yake. Je, hukwama katikati ya koti la dunia, lile tabaka nene la mwamba lililo kati ya ganda na kiini? Au huteremka mpaka kilomita 2,890, likalala juu ya kiini chenyewe? Na lile lundo kubwa lililo chini ya Afrika, ambalo mawimbi ya matetemeko hupunguza mwendo yanapolipitia, limejengwa kwa ganda hilo?

Nimeupanga ubishi huu kwa sauti tatu. MIAMBA ni mwanamke aliyekaa miaka mingi kwenye maabara ya jiolojia, na huamini jiwe kuliko mchoro wa kompyuta. MITETEMO ni kijana anayesoma mawimbi ya matetemeko ya ardhi. MWALIMU anafundisha jiografia sekondari, na haachi swali mpaka lijibiwe. Mimi nimejipa ruhusa ya kuingilia pale ninapoona hoja imeshinda au imelegea.

MWALIMU: Dokta, tuanzie chini kabisa. Vitabu ninavyofundishia vinasema bamba la bahari likizama linayeyuka kwa joto la ndani ya dunia. Likishayeyuka, mnabishania nini tena?

MIAMBA: Hapo ndipo watu wengi hupotea, Mwalimu. Bamba haliyeyuki lote. Kinachoyeyuka zaidi ni sehemu ya koti iliyo juu yake, kwa sababu maji yanayotoka kwenye bamba hushusha kiwango cha joto cha kuuyeyusha mwamba ule. Hiyo ndiyo inayolisha volkano za Japani na za milima ya Andes. Bamba lenyewe ni la baridi. Limekaa chini ya bahari miaka milioni 50, pengine 100, na mwamba haupitishi joto haraka. Likifika kilomita 600 bado lina mamia ya nyuzi pungufu kuliko mwamba unaolizunguka. Linabaki gumu, ila madini yake hubadilika. Atomu ni zile zile, zinapangwa upya tu. Shika mawe haya mawili.

MWALIMU: Hili moja ni zito sana kwa ukubwa wake.

MIAMBA: Lile jepesi limetoka Oman. Ni basalti iliyomwagika chini ya bahari takriban miaka milioni 96 iliyopita. Badala ya kuzama ikapandishwa juu ya nchi kavu, na leo unaitembelea kwa miguu milimani. Rangi yake ni kijivu kinachoelekea kijani, punje zake hazionekani kwa macho. Hili zito limetoka ukanda wa Usagara, Tanzania. Kemia yake ni ya basalti ya sakafu ya bahari kama ile ya Oman, lakini hili lilizama, likageuka eklojiti, kisha milima ilipojengwa likarudishwa juu. Umri wake unakaribia miaka bilioni 2. Mwaka 1995 mawe ya Usagara yaliandikwa kwenye majarida ya jiolojia kuwa ushahidi wa ukanda wa kuzama wa zama hizo. Chukua lenzi uangalie. Punje nyekundu ni ganeti. Hii ya kijani ni piroksini yenye sodiamu, wanaiita omfasiti. Ukingoni mwa ganeti unaona utepe mweusi?

MWALIMU: Naona. Kila ganeti imezungukwa.

MIAMBA: Utepe huo ulijengeka jiwe likiwa njiani kurudi juu. Shinikizo lilipungua, ganeti ikaanza kuvunjika pembeni, halafu jiwe likapoa kabla kazi haijaisha. Ukiuona utepe huo umeiona safari nzima, kwenda na kurudi. Sentimita moja ya ujazo ya basalti ina gramu 3 hivi. Eklojiti ina gramu 3.5. Koti la pale juu lina takriban 3.3. Kwa hiyo ganda linaloingia likiwa jepesi, likifika kilomita 60 hadi 100 linakuwa zito kuliko jirani zake. Ukijumlisha na baridi ya bamba zima, linajivuta lenyewe kwenda chini.

MITETEMO: Mpaka hapo sina neno, dada. Lakini eklojiti ni habari ya mwanzo wa safari. Twende chini. Koti la kawaida ni peridotiti, na zaidi ya nusu yake ni olivini. Kwenye kilomita 410 olivini hubanwa ikawa wadsleyiti, kwenye 520 hivi inakuwa ringwuditi. Ikifika 660, shinikizo likiwa gigapaskali 23 hivi, mara 230,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta, ringwuditi huvunjika ikawa madini mawili mazito: bridgmaniti, na oksidi ya magnesi yenye chuma kidogo. Kwenye 410 na 660 mawimbi huongeza kasi ghafla, ndiyo maana mipaka hiyo tunaiona. Basalti sasa haina olivini. Kadiri inavyoshuka, piroksini yake humezwa na ganeti mpaka inabaki karibu ganeti tupu, aina ya majoriti. Na kwenye 660 ganeti haivunjiki.

MWALIMU: Kwa hiyo?

MITETEMO: Kwa hiyo mizani inageuka. Juu ya 660 basalti ilikuwa nzito kuliko jirani. Chini kidogo ya 660 jirani amekuwa mzito ghafla, na basalti imebaki vile vile. Hapo inataka kuelea. Ted Ringwood, yule Mwaustralia ambaye ringwuditi imepewa jina lake, pamoja na Tetsuo Irifune, waliandika mwaka 1988 kwamba ganda lingeweza kunaswa pale na kurundikana.

MIAMBA: Na mwaka 1999 Kei Hirose na wenzake wakaibana basalti kwa mashine hadi shinikizo la huko, wakaona ganeti nayo ikivunjika kwenye kina cha kilomita 720 hivi. Ikishavunjika, basalti inakuwa nzito tena. Ukanda wa wepesi ni kilomita 60 za kimo! Bamba zima, yaani ganda pamoja na koti baridi lililoshikamana nalo chini, lina unene wa kilomita 80 au 100, na juu yake linavutwa na kusukumwa na mamia ya kilomita za mwamba baridi. Litapita.

MITETEMO: Mbona chini ya Japani na kaskazini-mashariki mwa China halikupita? Yoshio Fukao na wenzake wamelifuatilia bamba la Pasifiki kwa miaka mingi. Limelala kimlalo juu ya 660, mamia ya kilomita kwa urefu. Ningeonyesha pia bamba la Farallon chini ya Amerika Kaskazini, ambalo Rob van der Hilst na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba limepenya mpaka koti la chini. Mabamba mawili, tabia mbili. Sheria yako ya uzito haitoshi.

MIAMBA: Haitoshi, kwa sababu madini huchelewa. Piroksini kuingia ndani ya ganeti kunataka atomu zihame ndani ya fuwele gumu, na kwenye bamba baridi uhamaji huo ni wa polepole mno. Mamilioni ya miaka hayatoshi. Piroksini ikichelewa, bamba linabaki jepesi kuliko linavyopaswa kuwa kwa kina chake, likalala. Likikaa pale likapata joto, madini yanakamilisha mageuzi, uzito unarudi, nalo linaendelea kushuka. Kulala kwa bamba la Japani ni kituo cha njiani.

Naingilia. Katika ubishi huu wa 660, Miamba ameshinda, ingawa neno lake la mwisho kuhusu Japani bado ni matumaini, maana hakuna aliyekaa akaliona bamba lile likiamka. Kinachonivutia ni sababu aliyoitoa. Tumezoea kufikiria kina cha dunia kwa uzito na joto peke yake. Hapa kinachoamua kama mwamba wa mamia ya kilomita utalala au utashuka ni mwendo wa atomu ndani ya punje isiyozidi ncha ya sindano.

MWALIMU: Nyote mnazungumzia maabara na michoro. Yupo aliyewahi kushika kitu kilichotoka huko?

MIAMBA: Yupo. Mwaka 2008 wachimbaji wadogo wa Juina, jimbo la Mato Grosso, Brazil, walifukua kwenye kokoto za mto kipande cha almasi cha rangi ya kahawia, chenye urefu wa milimita 5 na uzito usiofika gramu 0.1. Sonara asingekitazama mara mbili. Ndani yake Graham Pearson na wenzake walikuta chembe ya ringwuditi, wakaitangaza mwaka 2014. Ilikuwa mara ya kwanza ringwuditi ya ndani ya dunia kuonekana. Kabla ya hapo ilijulikana kwa vimondo na maabara tu. Na katika uzito wake, zaidi ya asilimia 1 ilikuwa maji, yaliyofungwa ndani ya fuwele kama hidrojeni na oksijeni.

MITETEMO: Ringwuditi ni ya koti, dada. Siyo ya ganda.

MIAMBA: Subiri. Mwaka 2011 Michael Walter na wenzake walichunguza almasi nyingine za Juina hiyo hiyo. Chembe zilizonaswa ndani yake zilikuwa na kemia ya madini ambayo basalti, na siyo peridotiti, huyatoa kwenye koti la chini. Na kaboni ya almasi zenyewe ilikuwa na uwiano wa isotopu wa kaboni iliyowahi kukaa juu ya uso wa dunia. Almasi ile iliundwa zaidi ya kilomita 660 chini kwa kaboni ya huku juu! Kisha mwaka 2018 Evan Smith na wenzake wakachunguza almasi 46 za buluu, zile za bei ya kutisha. Ubuluu wake ni boroni. Boroni hupatikana kwa wingi juu ya dunia na karibu haipo kwenye koti. Chembe zilizo ndani zilionyesha almasi hizo zimefika hadi koti la chini, na wakahitimisha kwamba boroni ilitoka kwenye maji ya bahari, ikaingia kwenye mwamba wa sakafu, ikazama nao.

MWALIMU: Na za Mwadui kule Shinyanga?

MIAMBA: Almasi nyingi duniani huundwa kilomita 150 hadi 200 chini, kwenye mizizi ya mabara ya kale. Za kina kikubwa ni chache, na Afrika zimepatikana kusini: Cullinan kule Afrika Kusini, Letseng Lesotho, Orapa Botswana. Cullinan ndiyo iliyotupa, mwaka 2018, silikati ya kalsiamu yenye muundo wa perovskiti, ikiwa bado imebanwa ndani ya almasi.

MWALIMU: Hiyo ina uzito gani katika ubishi huu?

MIAMBA: Ndiyo kiini cha ubishi. Ganda likishapita kilomita 720 na kushuka zaidi, ganeti hubadilika kuwa madini manne: bridgmaniti, silikati hiyo ya kalsiamu, stishoviti, na madini yenye alumini. Silikati ya kalsiamu ni robo hivi ya ganda. Kwenye koti la kawaida ni asilimia 5 hadi 7 tu. Stishoviti ni silika, ndugu wa kioo na mchanga wa ufukweni. Kwenye mchanga kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni 4. Kwenye stishoviti zimekuwa 6, na uzito kwa sentimita ya ujazo umepanda kutoka gramu 2.65 hadi 4.29. Koti la kawaida halina stishoviti hata kidogo. Kwa hiyo ganda halijifichi. Hata likifika chini kabisa linabaki na madini yasiyolingana na ya jirani.

MITETEMO: Madini hayo ya kalsiamu yalipewa jina davemaoiti mwaka 2021, kwa chembe ya almasi ya Orapa, kumuenzi Dave Mao. Mwaka uliofuata Walter na wenzake wakauhoji uchambuzi ule kwenye jarida lile lile. Tuseme yote.

MIAMBA: Tuseme yote. Madini hayo ukiyatoa kwenye shinikizo huharibika, yanakuwa kioo. Ndiyo maana kila chembe inagombaniwa.

MITETEMO: Basi na mimi niseme yangu, hata kama itakusaidia wewe. Almasi zako hazishuki chini sana ya kilomita 800. Kati ya hapo na kiini kuna zaidi ya kilomita 2,000. Ushahidi wa huko ni wa mawimbi. Mwaka 1999 Satoshi Kaneshima na George Helffrich walisoma mawimbi yaliyopita mashariki ya mitaro ya Mariana na Izu-Bonin. Kwenye kina cha kilomita 1,400 hadi 1,600 waliona wimbi la S, lile linalotikisa mwamba kando, likigeuka kuwa la P, lile linaloubana na kuuachia, na hilo hutokea palipo na mpaka mkali. Kulikuwa na tabaka lililoinama nyuzi 30 hadi 40, ambamo mawimbi yalipungua kasi kwa asilimia 4 au zaidi. Unene wake ulikuwa takriban kilomita 8.

MWALIMU: Ganda la bahari ni kilomita 7.

MITETEMO: Ndiyo. Na stishoviti, ikifika kina cha aina hiyo, hubadili muundo tena, na inapobadilika hulegea kwa mawimbi ya S. Mwamba wenye stishoviti tele ungeonekana hivyo hivyo. Sibishi kwamba ganda linafika katikati ya koti la chini. Ninachobisha ni kwamba limejirundika chini ya Afrika.

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo. Unene wa kilomita 8, kwenye kina cha kilomita 1,500, umepimwa kwa vituo vya mitetemo vilivyoko magharibi mwa Marekani. Tabaka lile lilipita 410, likapita 660, likapoteza ganeti yake yote, na bado unene wake ni ule wa siku lilipokuwa sakafu ya bahari. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika mjadala huu, na nashangaa vitabu vya shule havijauingiza.

MWALIMU: Sasa nielezeni hilo lundo. Lina jina?

MITETEMO: Wanaliita Tuzo, kwa heshima ya John Tuzo Wilson wa Kanada. Lenzake la chini ya Pasifiki linaitwa Jason. Yalianza kuonekana kwenye picha za mawimbi miaka ya 1980. Mawimbi ya S ndani yake hupungua kasi kwa asilimia 2 hadi 3. Tuzo limeketi juu ya kiini, chini ya kusini mwa Afrika, linapanda zaidi ya kilomita 1,000, na mwamba moto unaotoka humo unaegemea kaskazini-mashariki, kuja kwetu. Mwaka 1994 na 1995 vituo 20 vya mitetemo vilitandazwa Tanzania. Vilionyesha mzizi wa bara la kale ukishuka kilomita 200 na ushei, na pembeni yake, chini ya Bonde la Ufa, mwamba wa kasi ndogo unaoshuka kupita 400. Joto linaloinua nyanda zetu za juu lina asili ya mbali.

MIAMBA: Mimi nasema Tuzo kwa sehemu kubwa ni ganda la bahari. Nipe kalamu. Kilomita za mraba 3 kwa mwaka, unene 7, unapata kilomita za ujazo 20 hivi. Mara miaka bilioni 3, unapata bilioni 60. Koti zima ni kama bilioni 900. Hiyo ni asilimia 6 au 7. Na Tuzo na Jason kwa pamoja, kwa makadirio ya mwaka 2016, yanafika asilimia 8 ya koti. Hesabu zinakaribiana mno.

MITETEMO: Zinakaribiana iwapo kila kilomita ya ganda ilifika chini na haikutoka tena. Haiwezekani. Mwaka 2013 Mingming Li na Allen McNamara waliiga mzunguko wa koti kwa kompyuta, wakakuta ganda la kilomita 6 au 7 ni jembamba mno. Mikondo hulichukua na kulichanganya kabla halijajikusanya.

MWALIMU: Kama chapati za kusukuma. Unapaka mafuta, unakunja, unasukuma, unakunja tena. Mafuta yamo, lakini huyakusanyi.

MITETEMO: Umeniwahi, Mwalimu.

MIAMBA: Mafuta ya chapati hayana uzito wa kuyatenga na unga. Basalti inao, mpaka chini. Na hata ikichanganyika haipotei. Nenda Mangaia, mojawapo ya Visiwa vya Cook huko Pasifiki. Lava yake ina umri wa miaka milioni 20 hivi. Mwaka 2013 Rita Cabral, Matthew Jackson na wenzao walipima salfa ndani yake, wakakuta uwiano wa isotopu unaotengenezwa angani, pale mionzi ya urujuanimno inapoivunja gesi ya salfa bila ozoni kuizuia. Hali hiyo ilikoma hewa ilipopata oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2.3 iliyopita. Fikirini hapo. Salfa iliyowahi kuelea kwenye hewa isiyo na oksijeni ilianguka chini, ikaingia kwenye ganda, ikazama, ikakaa kwenye koti miaka zaidi ya bilioni mbili, kisha ikatoka kwa volkano. Albrecht Hofmann na William White walilisema jambo hili mwaka 1982, kwamba lava za visiwa kama hivyo ni ganda la kale linalorudi. Sasa kuna hati.

MITETEMO: Hati ya umri. Siyo ya anwani. Salfa ya Mangaia inasema ganda lilihifadhiwa muda mrefu. Haisemi lilihifadhiwa wapi.

Ni jibu kali, na ni la haki. Nimelitafakari sana na sijaona njia ya kulipita. Kitu kinaweza kudumu kwenye koti miaka bilioni mbili kwa sababu kimelala juu ya kiini, au kwa sababu koti linachanganyika polepole kuliko tunavyodhani.

MIAMBA: Basi twende kwenye kasi ya mawimbi, uwanja wako. Mwaka 2019 makala mbili zilitoka kwenye jarida la Nature. Andrew Thomson na wenzake, na Steeve Gréaux na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ehime, kila kundi peke yake, walipima kasi ya mawimbi ndani ya silikati ya kalsiamu ikiwa moto na imebanwa. Wote walikuta mawimbi ya S yanakwenda polepole zaidi ya nadharia ilivyotabiri. Robo ya ganda ni madini hayo. Thomson akasema basi Tuzo na Jason yanaweza kuelezwa kwa ganda lililozama.

MITETEMO: Na Gréaux, kwa madini hayo hayo, akasema ganda linaelezea kasi ndogo inayoonekana chini kidogo ya 660. Kipimo kimoja, mahali pawili tofauti. Halafu tazama shinikizo: vipimo vyote viwili vilifanyika chini ya gigapaskali 25. Juu ya kiini ni 136. Kati ya hapo ni mstari uliochorwa kwa hesabu.

MIAMBA: Mstari wenye fizikia ndani yake.

MITETEMO: Sikatai. Ila kuna wengine wenye mistari yao. Wapo wanaosema Tuzo ni mabaki ya bahari ya mwamba ulioyeyuka wakati dunia changa ilipokuwa inapoa. Mwaka 2023 Qian Yuan na wenzake walipendekeza kuwa ni mabaki ya Theia, ile sayari iliyoigonga dunia na kuzaa mwezi. Na mwaka 2025 kundi la Utrecht, Sujania Talavera-Soza na Arwen Deuss, lilipima jinsi mawimbi yanavyofifia. Walitegemea mwamba moto uyafifishe sana. Ndani ya Tuzo hayafifii sana; yanafifia zaidi kwenye mabamba yaliyozama pembeni yake. Maelezo yao ni ukubwa wa punje. Bamba likipita 660 fuwele zake huundwa upya zikiwa ndogo, na punje ndogo hufifisha mawimbi. Tuzo lina punje kubwa. Punje kubwa ni za kitu kilichokaa muda mrefu bila kuvurugwa.

MIAMBA: Ganda lililofika miaka bilioni 2 iliyopita nalo lingekuwa limekuza punje.

MITETEMO: Lile la bilioni 2, sawa. Na lile linaloendelea kufika? Kutoka 660 mpaka kiini, kwa mwendo wa sentimita 1.2 kwa mwaka, ni miaka milioni 186. Mabamba yamekuwa yakifika chini wakati wote huo. Kama Tuzo linajengwa kwa ganda, lingekuwa na sehemu mpya zenye punje ndogo.

MIAMBA: Mabamba hayo yanatua pembeni, kuizunguka Pasifiki na kwenye kaburi la bahari ya kale ya Tethys. Yanatua, yanausukuma mwamba wa chini, na kilicho kizito kinakokotwa polepole kuelekea Tuzo. Kikifika kimeshazeeka. Trond Torsvik na wenzake wameonyesha kwamba kingo za malundo haya hazijahama kwa angalau miaka milioni 200, huenda 540, na kimberliti nyingi za kipindi hicho, ile miamba ya volkano inayopandisha almasi, zililipuka juu ya kingo hizo. Kitu kilichotulia hivyo ni kizito.

Sasa hukumu yangu, kwa yeyote anayeitaka. Kwamba ganda linafika chini, naona limethibitika. Kwamba Tuzo lote ni ganda, halijathibitika, na hoja ya punje imenisogeza upande wa Mitetemo zaidi ya nilivyotarajia nilipoanza kuandika. Naelekea kuamini kwamba msingi wake ni mwamba wa mwanzo wa dunia, na ganda limekuwa likiongezwa juu na pembeni. Ila kama uwiano ni nusu kwa nusu au moja kwa kumi, sioni kipimo cha leo kinachoweza kusema.

MWALIMU: Niambieni basi, nini kingemfanya mmoja wenu akubali ameshindwa?

MIAMBA: Uzito. Mwaka 2017 Harriet Lau na wenzake walipima jinsi mwili wa dunia unavyovimba na kunywea kwa mvuto wa mwezi na jua, wakasema theluthi mbili za chini za malundo ni nzito kuliko koti kwa nusu ya asilimia. Mwaka huo huo Paula Koelemeijer na wenzake, kwa mitikisiko ya dunia nzima baada ya matetemeko makubwa, wakasema kwa jumla ni mepesi. Wote hawawezi kuwa sahihi kwa kina kile kile. Nikionyeshwa kwamba hata kilomita 200 za chini ni nyepesi, nitakubali ganda langu haliko pale. Ganda la kina kile haliwezi kuwa jepesi.

MITETEMO: Mimi nataka vitu viwili. Davemaoiti ipimwe kasi kwa gigapaskali 100 na zaidi, ikiwa moto, siyo kwa kukadiria. Cha pili ni vituo. Mwaka 2012 na 2013 Wafaransa na Wajerumani walishusha vipima mitetemo 57 kwenye sakafu ya bahari kuzunguka Réunion. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2021 tuliona kwa mara ya kwanza matawi ya mwamba moto yanavyopanda kutoka Tuzo kuelekea Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi. Ukingo wa magharibi wa Tuzo haujapata kitu kama hicho. Bonde la Kongo lina vituo vya kuhesabu kwa vidole. Mawimbi ya kila tetemeko kubwa la Pasifiki hupita chini yake, na wa kuyaandika hayupo. Nikipewa mstari mmoja wa vituo kutoka Kinshasa hadi Bujumbura kwa miaka mitatu, nitakuonyesha kama ukingo ule umekatika ghafla, jinsi kemia tofauti inavyokata, au unafifia taratibu jinsi joto linavyofifia.

MIAMBA: Na ukikatika ghafla?

MITETEMO: Nitaanza kutafuta humo matabaka ya kilomita 7.